Injini ya Kumpandisha Mama Mkwe

Haya nimeambiwa na Fransiska, siku moja kabla ya harusi ya binti wa Sumari, tulipokuwa tumekaa Kikwe nyuma ya nyumba tukimenya ndizi za wageni mia tatu. Fransiska anawapikia mafundi kwenye gereji moja kule Lemara, kwa hiyo sehemu kubwa aliiona kwa macho yake, na ile ambayo hakuiona alisimuliwa na Naeku, mke wa mwenye gari. Ndizi zilikuwa nyingi, ndiyo maana habari yenyewe ni ndefu.

Mwenye gari anaitwa Elieshi. Ni Mmeru, seremala, anakaa juu kule Akheri. Ana Staleti nyekundu ya milango mitatu aliyoinunua kabla ya kumwoa Naeku, na ukimuuliza ghafla alianza kupenda gari au mke, atajibu, lakini atafikiri kwanza. Ujanani alikuwa akishindana nayo na wenzake kupanda barabara ya vumbi ya mashamba ya kahawa, gari moja moja, na mtu juu ameshika saa. Ili iwe nyepesi alitoa kiti cha nyuma. Akatoa kapeti. Akatoa vitambaa vya milangoni, akatoa redio, akatoa na honi. Siku moja Naeku alimkuta ameisimamia akiitazama taa ya ndani, akamwambia, "Baba Nice, hiyo iache. Tutakuonaje siku ukibaki umekalia usukani peke yake?" Nice ni mtoto wao wa kwanza.

Sasa mama yake Naeku, Sabina, yeye ni wa upande wa pili wa mlima, Mwarusha wa Kisongo. Na unajua mkwe na mama mkwe. Elieshi hamtazami usoni kwa muda mrefu, hamgusi, hasemi habari ya magoti yake yanayouma wala unene wake. Wanaongea kama watu wanaosomeana barua ya serikali. "Mama, shikamoo." "Marahaba, mkwe. Hamjambo huko?" "Hatujambo, mama." Inaishia hapo, na wote wawili wanaridhika.

Mwezi wa tano, mvua zikiwa bado zinanyesha, Elieshi alikwenda kumpokea Tengeru ampandishe nyumbani. Barabara ya Akheri ina kona moja kali chini ya kanisa, imeinuka kama ngazi. Staleti ilipofika pale ikakohoa, ikachemsha, ikatoa moshi mweupe, ikaanza kurudi nyuma taratibu. Elieshi akaruka nje kuweka jiwe kwenye tairi. Alipoinuka alimkuta mama mkwe ameshashuka. Amejifunga kanga kiunoni, ameweka mikono miwili kwenye mlango wa nyuma, anasukuma.

"Kanyaga, mkwe," akasema.

Afanye nini? Kumshika mkono amwondoe hawezi. Kumwambia aache, amwambie kwa maneno gani? Akaingia ndani akakanyaga. Na kwaya nzima ilikuwa inatoka mazoezini, imesimama ukingoni inatazama, soprano na besi.

Sabina hakusema neno juu ya jambo lile. Alifika nyumbani akanawa mikono, akaomba chai. Naeku anasema bora angesema.

Aliyesema ni Lengai, mdogo wake Naeku. Kesho yake asubuhi simu ikalia. "Shemeji, habari za Akheri? Nasikia umemwajiri mama utingo."

"Lengai, niache."

"Sikulaumu. Nauliza tu kama chakula cha mchana unampa."

Basi Naeku akachoka na yote mawili, gari na simu. Akamkalisha mume wake akamwambia: injini moja. Achague injini moja, aifunge, asirudi tena na habari ya nyingine. Mama anarudi kuwatembelea Jumapili ya mwisho ya mwezi wa saba. Akifika getini bila kushuka njiani, gari inabaki. Akishuka, hata kama ni kushuka kuokota kanga yake, gari inakwenda kwa Lengai.

"Lengai ataifanyia nini?"

"Atafugia kuku. Ameshaangalia, anasema vifaranga watapitia dirishani."

Fransiska anasema Elieshi aliposhuka Lemara Jumatatu ile, gari ikiwa imevutwa kwa kamba, alikuwa na uso wa mtu anayepeleka mgonjwa. Fundi wa pale ni mzee Ndesanjo. Kabla ya ufundi alipima kahawa kwenye chama cha ushirika miaka kumi na miwili, na mpaka leo akishika kitu chochote anakiinua kidogo kwanza, hata kikombe cha chai. Alifungua boneti, akasikiliza, akafunga.

"Hii ilikufa zamani," akasema. "Ilikuwa inakuja kazini kwa mazoea tu."

Alikuwa na injini tatu, zimekaa juu ya matairi mabovu chini ya turubai. Elieshi akatoa futi yake ya useremala na penseli ya sikioni, akaanza na ile kubwa kuliko zote, ya lita mbili. Akapima urefu, akapima upana, akarudi kwenye gari akapima shimo, akaandika kwenye kiganja. Fransiska anasema alifurahi mpaka akawa anapiga mluzi.

"Inaingia, mzee. Na inabaki inchi moja na nusu."

"Umepima kabati."

"Nataka gari iwe nyepesi, mzee. Nikiigusa mafuta iondoke."

"Nyepesi." Mzee Ndesanjo akalizungusha lile neno mdomoni. Kwake yeye nyepesi ni ya mizani, hajui nyingine. "Urefu umepima, upana umepima. Uzito umeupimia wapi?"

Elieshi akatazama futi yake. Futi haina kilo.

"Hiyo na giaboksi yake inazidi ya zamani kilo hamsini na kitu," akasema mzee. "Na zote zinakaa puani. Wewe umetoa mpaka honi upunguze uzito, sasa unaniletea nguruwe mzima puani."

"Nguvu yake itaubeba huo uzito."

"Kwenye barabara iliyonyooka, ndiyo. Akheri kwenu imenyooka lini?"

Elieshi hakukubali. Seremala akishapima kitu kikaingia, kumtoa hapo ni kazi. Basi mzee akageuka, akamwangalia Fransiska, akaangalia nyuma ya Fransiska. Pale palikuwa na mikungu miwili ya ndizi, mikubwa, ya mtori wa mafundi.

"Mama, niazime hiyo."

"Ni chakula hicho, mzee."

"Kitarudi."

Kutoka gereji kuna mteremko mfupi wa kwenda mtoni, na chini yake kona. Wakaisukuma Staleti mpaka juu ya mteremko, Elieshi ndani, injini ile iliyokufa ikiwa bado mahali pake. Mara ya kwanza wakaiachia hivi hivi. Ikateremka yenyewe, ikafika konani, Elieshi akazungusha usukani, ikageuka kama mbuzi. Wakaivuta juu. Mara ya pili wakafunga ile mikungu miwili kwa kamba, pale mbele kabisa ya boneti, mmoja huku na mmoja huku.

"Hizo ndizi ndiyo ile injini uliyoipenda," akasema mzee. "Ule uzito wa ziada. Teremka."

Elieshi akateremka. Alipofika konani akazungusha usukani, na tairi zikageuka, lakini pua ikaendelea kwenda ilikokuwa inakwenda. Ikaacha barabara, ikaruka mfereji, ikaingia kwenye mchicha wa mama mmoja anaitwa Anyesi, aliyekuwa ameinama anapalilia. Anyesi akainuka polepole. Akaiangalia gari. Akaiangalia mikungu ya ndizi iliyofungwa mbele. Akamwangalia Elieshi aliyevaa shati lake safi la kushukia mjini.

"Kama ni posa," akasema, "binti yangu ameshaolewa. Na mngepiga hodi."

Ile injini kubwa haikutajwa tena. Mchicha waliulipia kwa kuula. Anyesi aliwauzia wote, uliolala na uliosimama.

Ikabaki ya pili na ya tatu. Ya pili ilikuwa ndogo kama ya zamani, ila ina tabo, kile kifaa cha kuiongezea injini nguvu. Elieshi akaipapasa kama mtoto.

"Hii ni nzuri, sikudanganyi," akasema mzee Ndesanjo. "Kwa uzito, ni karibu sawa na ya zamani. Lakini tabo ni kama mgeni rasmi. Anakuja, na akija sherehe inachangamka, ila mmeshakaa juani muda mrefu mnamsubiri. Wewe unaingia kona ile gia ya kwanza, polepole, mama mkwe amekaa pembeni. Nguvu unaitaka pale pale chini. Yeye mgeni rasmi bado yuko Usa River."

"Nitaingia kwa kasi."

"Na mama mkwe ndani."

Elieshi akaiacha tabo, lakini mkono wake, anasema Fransiska, ulikuwa wa mwisho kuondoka.

Ya tatu ilikuwa ya lita moja na nusu. Mzee akaieleza vizuri: ni ndugu wa ile ya zamani, tumbo moja. Inakaa kwenye mipira ileile ya kushikia injini, inakubali giaboksi ileile, uzito umeongezeka kidogo tu, na nguvu yake inaanza chini kabisa. Elieshi akapima. Safari hii akaomba na mizani, mafundi wakacheka. Akainama, akanusa mafuta, akafungua kifuniko akachungulia, akaridhika.

"Imetoka kwenye gari gani?"

Mzee Ndesanjo akachukua spana akaanza kuifuta.

"Imetoka kwenye gari nzuri. Iligongwa nyuma, mbele haikuguswa."

"Gari gani, mzee?"

"Spana hii imeingia mchanga."

"Mzee."

"Raumu."

Fransiska anasema hata aliyekuwa anagonga bati nyuma ya gereji aliacha kugonga. Maana Raumu unaijua: ile ya dari refu na mlango wa kusukuma pembeni, inayobeba akina mama na matenga yao kwenda sokoni. Na Elieshi ni mtu aliyetoa honi ili awe wa pili kwenye mashindano.

"Mimi niendeshe injini ya akina mama?" akauliza, kwa sauti ndogo.

"Wewe tatizo lako ni nani?" mzee akamuuliza. "Si ni mama?"

"Lakini Raumu, mzee."

"Raumu inapanda na watu saba, matenga, na mtoto wa mtu asiyelipiwa. Sasa injini hiyohiyo uitoe kwenye nyumba yake yenye dari, uiweke kwenye kopo lako hili lisilo hata na kapeti. Fikiria wewe mwenyewe. Mimi nakwenda kula."

Elieshi akakaa juu ya tairi peke yake muda wote wa chakula. Mtori wake ulipoa. Mwishowe akaja kwa mzee akasema sawa, afunge, ila kwa sharti moja: mtu yeyote asijue imetoka wapi. Hasa Lengai.

"Mimi sina mdomo," akasema mzee.

"Na wewe, mama Fransiska?"

"Mimi ni mpishi tu," akasema Fransiska. Na ndivyo alivyotuambia sote tuliokuwa tunamenya ndizi.

Wakashusha ya zamani, wakapandisha ya Raumu. Siku alipoichukua, Elieshi alipanda Akheri peke yake. Naeku alisikia gari inakuja, akadhani ni mgeni, kwa sababu haikulia kilio ilichozoea. Ikaingia getini. Elieshi akakaa ndani kidogo kabla ya kutoka.

"Imekuwaje?" Naeku akauliza.

"Nyepesi," akasema. Akaenda kunawa. Naeku anasema alinawa mara mbili, anatabasamu ndani ya beseni.

Ikafika Jumapili yenyewe. Lengai akamleta mama yake mpaka Tengeru kwa pikapu yake, na nyuma ya pikapu alikuwa amebeba waya wa kuku, umekunjwa vizuri, mpya.

"Shikamoo, mama," akasema Elieshi, akitazama viatu.

"Marahaba, mkwe. Nimekuja na vitu kidogo. Naeku aliniambia mmetoa kiti cha nyuma, nikasema hapo mmefanya la maana, mizigo inapata nafasi."

Vitu kidogo vilikuwa gunia la viazi. Na lingine la mahindi. Na dumu la maziwa mgando, na kuku wawili wamefungwa miguu, na ndoo yenye mfuniko. Elieshi akaona kilo zake zote alizozitoa kwa miaka kumi na mitano zinarudi moja moja, na Lengai ndiye anazipakia, kwa moyo wake wote.

"Shemeji, hii ndoo iende wapi? Au ikae kwenye kapeti? Aa, nimesahau."

"Weka popote."

"Gunia hili hata linaingia vizuri. Unaona, mama, ni kama gari ilitengenezwa kwa ajili ya viazi."

Sabina akaingia mbele, akafunga mlango mara mbili kwa sababu mara moja hautoshi. Elieshi akawasha. Wakaanza kupanda, Lengai nyuma yao na waya wake. Kuku mmoja alilalamika, akanyamaza.

"Mkwe," akasema Sabina.

"Naam, mama."

"Hii sauti naijua."

Elieshi akashika usukani kwa nguvu.

"Ikiwashwa inakohoa kidogo, halafu inatulia kama mtu aliyemeza. Ni sauti ya gari ya Bariki." Bariki ni yule kijana wa teksi anayempeleka soko la Ngaramtoni kila wiki, na gari yake ni Raumu.

Mtu mwingine angemdanganya. Lakini huyu ni mama mkwe.

"Ni kweli, mama," akasema. "Ni ya gari kama hiyo."

Sabina akaitikia kwa kichwa, anatazama mbele barabarani.

"Miaka minne inanibeba," akasema. "Haijawahi kunishusha."

Hilo tu. Tangu mwezi wa tano lile jambo halikuwa limetajwa kati yao, na hapo likawa limetajwa, na hakuna aliyetazama mwenzake. Sabina akajifunga kanga vizuri kichwani, akaegemea mlango. Kwenye gari ya Bariki huwa analala njia nzima mpaka Ngaramtoni, Bariki anamwamsha kwa honi. Kabla hawajafika darajani alikuwa anakoroma, taratibu, kwa heshima.

Ikaja kona ya chini ya kanisa. Ibada ya pili ilikuwa imetoka, watu wamesimama ukingoni na mavazi yao ya Jumapili, na kwaya wapo. Mmoja wao, mama wa soprano, akaita, "Baba Nice, utingo yuko wapi leo?"

Elieshi akaingiza gia ya kwanza. Viazi vikateleza vikagonga mlango wa nyuma, pua ikawa nyepesi kupita ilivyotakiwa, tairi ya mbele ikazunguka bure mara moja, mara mbili, ikitupa mawe. Akapunguza mguu kidogo. Kidogo sana, kama anavyopitisha randa kwenye ubao wa mwisho. Injini ikashuka sauti, ikashika, ikaanza kuvuta, bila kelele wala moshi, kama mama aliyejitwika tenga na anajua nyumbani ni wapi. Ikapanda. Ikageuka. Kanisa likabaki nyuma.

Juu ya kona pale pana mita mia mbili zilizonyooka. Naeku anasema mume wake alikiri kwake baadaye kwamba mguu wake wote ulikuwa unataka kukanyaga, ili kwaya wasikie. Akamwangalia mama mkwe kwa pembeni, mdomo uko wazi kidogo. Akaenda polepole kama anabeba mayai.

Getini Naeku alikuwa anasubiri. Lengai akaruka kutoka kwenye pikapu.

"Mama aseme. Makubaliano ni afike, na wa kusema kafika ni yeye."

"Mama amelala," akasema Elieshi kwa kunong'ona.

"Basi hajafika."

"Mwamshe."

"Mimi? Mwamshe wewe, gari ni yako."

"Mimi ni mkwe, nitamwamsha na nini?"

"Na mimi mara ya mwisho kumwamsha nilikuwa darasa la nne, na bado nakumbuka. Piga honi."

Wakatazamana. Honi iko kwenye sanduku nyumbani, pamoja na redio.

Naeku akainama akamchungulia mama yake kwenye dirisha. Akamwangalia mpaka akatosheka. Kisha akasimama wima.

"Mwezi wa tano alifika anahema, mikono ina tope," akasema. "Leo kafika analala. Lengai, peleka waya wako kwa mwenye duka."

Lengai akakuna kichwa. Hakubisha, hata yeye alikuwa ameiona ile kona kutoka nyuma. Lakini akasogea dirishani kwa shemeji yake. "Nimekubali. Ila nauliza tu, shemeji. Hiyo sauti ni ya gari ya Bariki. Kuanzia Jumatatu utakuwa unapakia stendi, na abiria wagombee kiti cha mbele?"

"Ongea polepole, utamwamsha mama."

"Kiti cha mbele ndicho pekee ulichonacho, kwa hiyo foleni itakuwa kubwa."

Wakashusha viazi kwa mikono, bila kugonga. Wakala pilau, na Elieshi akaletewa sahani yake garini, kwa sababu alikataa kutoka: mlango ule usio na kitambaa ukifungwa unalia kama debe, na kama angeuacha wazi upepo ungempiga mama mkwe. Lengai alikula sahani mbili, akajilaza nyuma ya pikapu juu ya waya wake wa kuku, akasinzia na uso wake ameufunika kwa kofia. Naeku alikaa kwenye kizingiti akasema atapumzika dakika tano tu, akalala miguu ikiwa nje.

Elieshi akabaki peke yake ameketi, mama mkwe akikoroma upande wa kushoto. Chini ya boneti injini ilikuwa inapoa, tik, halafu kimya kirefu, halafu tik. Akaisikiliza. Jua lilikuwa linaingia kwenye kioo cha mbele, kuku wale wawili walikuwa tayari wamefunguliwa na wanaparua chini ya tairi. Akaegemeza kichwa chake nyuma, na mikono ikiwa bado juu ya usukani, naye akalala.